Kuni za Mibuni ya Jirani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na huikumbuka kwa harufu kabla ya kuikumbuka kwa sura: harufu ya kuni zilizolowa mvua, zilizopangwa kupita kimo cha mtu, katika kiwanja kidogo tulichokikodi nyuma ya soko la Owino, upande unaoelekea Mengo. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na kazi yangu ilikuwa kuuza kuni hizo. Baba yangu, Mzee Juma, alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, amevaa kanzu yake ya safari, na mikono yake ilikuwa ikilipapasa lundo taratibu, kama mtu apapasaye uso wa maiti gizani ili apate kujua ni nani.

Alikuwa amekuja Kampala kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyatanda yote mawili, na tangu mvua zilipoanza alikuwa akikaa nami katika chumba changu, akingoja zamu yake kwa daktari. Na daktari, alipomtazama asubuhi ile, alimwambia arudi kwao kwanza, ataitwa msimu mwingine. Kwa hiyo hakuweza kuziona kuni zangu. Aliweza kuzishika tu. Akashika gogo moja, akakipitisha kidole mahali tawi lilipokatwa, akasema, "Huu ni mbuni wa Kezironi. Tangu ujana wake hukata juu mno, huacha kigutu kama kidole cha kuonyeshea." Akashika jingine. "Na huu ni wa mjane wa Sulemani. Aliuinamisha ungali mchanga ili uchipue mashina matatu. Mimi ndiye niliyemwonyesha." Akaendelea hivyo, jina baada ya jina, jirani baada ya jirani, hata lundo lile, ambalo kwangu lilikuwa bidhaa, likawa kijiji chetu kizima kilicholazwa chini ubavu kwa ubavu.

Alikuwapo pale mteja wangu mmoja, Nalongo, mpishi wa matoke na maharagwe katika vibanda vya soko, akingoja fungu lake.

"Wewe ssebo," akaniambia, "leo usinipe kama ile ya juzi. Ile kuni mbichi inalia kama mtoto ya mtu! Mimi napika, yeye inalia, wateja wanauliza, Nalongo, leo umepika nani?"

Wachukuzi waliokuwa wamekaa juu ya mikokoteni yao wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Aligeukia ilikotoka sauti, akamuuliza kwa upole, "Mama, kuni za kahawa ni nzuri?"

"Eh, mzee, hakuna kama hiyo! Moto yake kali, moshi yake kidogo. Mungu aongeze tu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona Baba akipitwa na dua pasipo kuitikia amina.

Sharti nikueleze, mwanangu, tulivyofika hapo, kwa maana jambo hili halikuanza kwa ubaya, na mambo yasiyoanza kwa ubaya ndiyo yapasayo kuchunguzwa zaidi. Sisi ni watu wa pwani kwa asili na watu wa Butambala kwa makao. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya wafanyabiashara, akaoa, akazikwa huku. Akatuachia Kiswahili cha nyumbani, msahafu mmoja, na mteremko wa ardhi uliopandwa mibuni kwa juu na migomba kwa chini. Kahawa hulipa, lakini hulipa kwa majira yake. Mkulima huvuna, hutulia, kisha hukaa miezi mingi akiutazama mti usioweza kumpa hata chumvi. Ndiyo maana huko kwetu hapakuwa na nyumba ya mkulima iliyosimama kwa mguu mmoja. Huyu alichoma matofali, yule alifuma mikeka, wa tatu alikwenda mjini kubeba mizigo. Baba mwenyewe, kabla macho hayajamwasi, alishona kanzu na kudarizi shingo zake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na mimi naongeza kwamba jembe moja nalo halilei nyumba. Asikudanganye mtu kuwa kazi ya nje ya shamba ni aibu kwa mwana wa mkulima. Aghalabu hiyo ndiyo inayolitunza shamba lenyewe.

Kaka yangu Hamisi alikuwa saidia-fundi wa waashi. Alikuwa na mabega mapana na mzaha usiokauka, na alijua kuchanganya zege tangu alfajiri hata jua la utosi huku akiimba. Ndipo ukaja ule mnyauko wa kahawa. Wewe hukuuona, na naomba usiuone. Mti huanza kugeuka manjano upande mmoja, majani hujikunja, huanguka. Buni huiva kabla ya mwezi wake, zikawa nyekundu na kung'ang'ania juu ya matawi makavu, kama mtu aliyevishwa shanga akiwa amekwisha kufa. Dawa haikuwapo. Bwana shamba alipita akiwaambia watu mambo matatu: mti mgonjwa ung'olewe na mizizi yake, uchomwe palepale uliposimama, na panga lililougusa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Kwa vyovyote, alisema, usiibebe kuni ya mti huo ukaipitisha penye mti mzima.

Watu walimsikia nusu. Kung'oa walitaka, ili wapande mahindi. Kuchoma waliona ni ufujaji. Na hapo ndipo Hamisi alipouona mwanya. Akakusanya wenzake, wakawa wanazunguka mashamba ya waliofikwa na msiba, wanang'oa mibuni yao bila ujira, na ujira wao ukawa kuni zenyewe. Mwenye shamba alipata ardhi iliyosafishwa. Hamisi alipata mzigo. Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kampala aliyewahi kuendesha magari ya jeshi na wakati huo alikuwa na lori lake kuukuu, alipata safari. Mimi nikapata kiwanja cha kuuzia mjini, na Nalongo akapata moto mkali wenye moshi kidogo. Haikuwa wizi wala haramu. Kila mtu katika mnyororo ule alimshukuru aliye mbele yake.

Lakini zingatia jambo hili dogo, mwanangu, kwa kuwa ndilo kiini. Zamani habari ya mbuni wa jirani kunyauka ilipofika nyumbani, tulisema inna lillahi, na Baba alivaa viatu akaenda kumpa pole. Baada ya msimu mmoja wa kuni, Hamisi alikuwa akirudi jioni na kusema, "Kwa Kezironi imeanza!" naye aliisema kwa sauti ya mtu atangazaye mavuno. Nami niliposikia, nilihesabu moyoni malori. Hakuna aliyetufundisha kufurahi. Furaha ilikuja yenyewe, ikakaa kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.

Baba hakuipenda kazi ile, wala hakuikataza, maana ilinunua sabuni na kulipa karo ya wadogo zetu. Aliweka sharti moja tu. Shamba lake lilikuwa limebaki kijani peke yake katika kilima chote. Kwa hiyo kuni zozote zisivuke ua wake, na panga lolote litokalo kwa watu lipitie jikoni, motoni, kabla ya kuingia kwake. Hamisi alilishika sharti hilo kiangazi chote. Alipanga mizigo yake kando ya barabara, mbali na ua, na alipokuja nyumbani alilichomeka panga mekoni hata likawa jekundu, akisema kwa mzaha, "Haya, Baba, nimelitawadhisha."

Sasa turudi kiwanjani. Baba angali ameshika gogo, na lori la Mzee Ramadhani linaingia kinyumenyume, limebeba mzigo mpya. Mzee akateremka, akapangusa mikono katika suruali yake, akamkumbatia Baba kwa kishindo.

"Mzee Juma! Karibu kwa kiwanja ya watoto yako. Watoto yako ni wanaume! Huyu Hamisi amenisaidia sana. Ile matope ya barabarani ilimeza gari yangu mpaka ekseli, mimi nikasema sirudi tena huko. Yeye akasema, usijali, mzee, tutapakia kwa nyumba. Sasa napakia kwenye changarawe, safi kabisa, hata ndara yangu haichafuki."

"Kwa nyumba ipi?" Baba akauliza.

"Si kwako? Pale ndani, kwa banda ya kuanikia kahawa. Kuni imejaa mpaka kwa miti."

Baba akaketi juu ya gogo la mjane wa Sulemani. Mikono yake, ambayo muda wote ilikuwa haitulii, ikalala juu ya magoti. Mzee Ramadhani akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akanivuta kando penye gurudumu la lori.

"Hakujua?"

"Hakujua," nikamjibu. "Wala mimi sikujua, mzee wangu."

"Lakini wewe unajua hii kuni imekufa na nini."

Nikaokota gome lililoanguka, nikalivunja vipande.

"Sikiliza, kijana," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya uchovu. "Mimi nimebeba kila kitu na gari. Nimebeba askari wanaimba, nimebeba askari wamenyamaza. Muuza sanda ni mtu ya Mungu, watu wanamhitaji, hakuna wa kumcheka. Lakini muuza sanda hapangi sanda yake juu ya kitanda ya mama yake mgonjwa. Nyinyi mmepanga. Na mimi mjinga nimepakia, nikasema ahsante changarawe."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku hiyo, mwanangu, na baadhi yake vimeandikwa na watu waliokesha kwa ajili ya hekima. Sijakutana na sentensi iliyonikaa shingoni kama ile ya dereva wa lori.

Kesho yake nilimrudisha Baba nyumbani. Hamisi alikuwa amekwisha kupata habari. Tulimkuta mlangoni, uwanja umefagiliwa, na pale bandani pamebaki vipande vya magome tu.

"Shikamoo, Baba. Kuni zimeondoka zote. Njoo uone."

"Marahaba. Nitaona kwa macho gani?" Baba akasema, akaketi barazani.

Hamisi akasimama mbele yake, kofia mkononi. "Baba, ningefanyaje? Mvua ilikuwa inaniozeshea mzigo barabarani. Kahawa hutulisha mara mbili kwa mwaka ikitaka. Kuni hutulisha kila Ijumaa. Wewe ulikuwa Kampala, watoto walikuwa hapa wanataka kula. Na ugonjwa hauna miguu, Baba, ungetokaje bandani ukaingia shambani?"

"Kweli, hauna miguu," Baba akajibu. "Ndiyo sababu ulihitaji mtu wa kuubeba."

Hayo ndiyo maneno yote ya lawama aliyoyatoa, na hakuyarudia. Aliamuru magome yakusanywe, yachomwe. Kisha akamwambia Hamisi, "Tangu leo macho yangu ni wewe. Kila asubuhi baada ya sala utapita shambani, mti kwa mti, halafu utakuja kuniambia majani yakoje. Ukiuona mmoja umegeuka, tutaung'oa na kuuchoma siku hiyohiyo kabla hujanywa chai."

Nikarudi mjini. Kazi ya kuni iliendelea, kwani wadogo zetu walikuwa wangali shuleni na sisi hatukuwa na kazi nyingine. Ila sasa mizigo ilipakiwa mbali, na Hamisi hakuimba tena. Kila lori lilipokuja, Mzee Ramadhani alinipa salamu za nyumbani: Mzee hajambo, na majani ni ya kijani. Majani ni ya kijani, alhamdulillahi. Salamu hiyo nilizoea kuipokea kama mtu azoeavyo mshahara.

Ikafika Idi. Nilikwenda kwetu siku ya kuamkia sikukuu, nikashika njia ya juu ya kilima, ile itokezayo juu ya shamba. Nilipofika kileleni nikasimama. Mwanangu, sikuona mti mmoja wala miwili. Kutoka ua wa magharibi hadi lilipo banda, shamba la Baba lilikuwa la manjano na kahawia, na chini palikuwa na tandiko la majani makavu. Matawi mengine yalikuwa matupu, yamebeba buni nyekundu zisizo na uzito. Ni upande wa mashariki tu uliokuwa na kijani, nacho kijani kilichokwisha kusitasita.

Hamisi aliniona, akanijia mbio kabla sijateremka.

"Usimwambie."

"Hajui?"

"Hajui. Ndugu yangu, nakuomba kwa haki ya mama aliyetuzaa. Siku nilipouona wa kwanza nilikuja barazani nikiwa nimeshakata shauri kusema. Akaniuliza, majani yakoje, na ulimi wangu ukajibu kijani kabla sijauamuru. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake haikuwa tena kusema mti mmoja umeugua. Ilikuwa kusema pia kwamba jana nilikudanganya. Na kesho kutwa siku za uongo zikawa mbili, zikawa tatu. Wewe unafikiri uongo ni neno? Ni mzigo unaoongezwa gogo kila asubuhi na huruhusiwi kuutua."

Wahenga wetu wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Huenda kama mti ule wa kwanza ungeng'olewa siku ileile, mingine ingepona. Huenda isingepona. Siwezi kuapa kwa lolote kati ya mawili, na wala sitaki kukuongopea ili hadithi yangu ipate kunyooka.

Nikaingia kwa Baba. Alikuwa amekaa barazani, kisu mkononi, anamenya muhogo kwa kupapasa.

"Umepita njia ya juu au ya chini?" akaniuliza baada ya salamu.

"Ya juu, Baba."

"Basi umeona."

Yeye akaendelea kumenya. "Jani bichi haliongei chini ya mguu," akasema. "Mimi hutoka kwenda kujisaidia, nasikia shamba langu linaongea. Nimezishika na buni. Zimewiva kabla ya wakati, na ndani ni makapi."

"Ulijua, na hukusema? Baba, kila siku ilikuwa na thamani!"

"Shamba nililizika siku ile kiwanjani kwako, nilipoambiwa kuni zimelala wapi. Mti hung'olewa, ukapandwa mwingine. Lakini nduguyo huja hapa kila asubuhi, huniambia kijani, kisha huenda nyuma ya jiko, namsikia anavyohema. Nikimwambia najua, nitakuwa nimemkamata, na mtu aliyekamatwa hubaki amekamatwa hata ukimwachilia. Nataka atoke mwenyewe, kwa miguu yake. Nimemngoja."

Husemwa kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Usemi huo niliusikia utotoni mara nyingi kama usemwavyo na watu wenye macho mazima. Sikujua gharama yake mpaka nilipomwona mzee kipofu aliyeutoa mteremko wote wa baba zake ili asimshike mwanawe mkono gizani. Na nakwambia ukweli: sijui hata leo kama alifanya sawa. Nyumba ile ilikuwa na vinywa vingine. Kuna usiku humtetea, na kuna usiku humshitaki.

Asubuhi ya Idi tuliswali, tukarudi, tukaketi barazani na kanzu zetu safi. Chai ilikuwa imemiminwa. Baba akaita, "Hamisi."

"Labeka, Baba."

"Majani yakoje leo?"

Hamisi akakitazama kikombe chake. Akanitazama mimi, nami nikainamisha macho, kwa kuwa nilijua kwamba nikimsaidia hata kwa kope nitakuwa nimemnyang'anya kitu. Kuku akapita kati yetu, akadonoa, akaenda zake.

"Yamenyauka, Baba," akasema.

"Mengi?"

"Yote."

Baba akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa mwingine. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Kunywa chai yako. Kisha lete kiberiti."

Tuliing'oa mibuni yote na kuichoma mmoja mmoja katika shimo lake, majani, buni, mashina na mizizi. Ilituchukua mpaka baada ya sikukuu kusahaulika. Majirani walikuja kusimama penye ua. Wengine walitupa pole, mmoja, ambaye shamba lake tulilisafisha mwaka uliotangulia, akasema kwa sauti ya juu, "Hamisi, mbona wazichoma? Si Kampala kuna wanunuzi? Au kuni za kwenu zina heshima kuliko za kwetu?" Hamisi akatupa gogo jingine motoni. Jirani yule alikuwa na haki ya kusema. Mzee Ramadhani alikuja na lori lake siku moja, tupu. Akalizima barabarani, akavua shati, akachukua jembe. Alichimba nasi hadi alasiri, akaondoka bila kupakia kijiti.

Na sasa sikia mwisho wake, mwanangu, kwa kuwa hapa ndipo kazi ile ilipotufunulia uso wake. Shamba la Baba lilikuwa la mwisho katika kilima. Lilipokwisha, hapakuwa tena na mbuni wa kufa, na palipokosekana mbuni wa kufa hapakuwa na kuni. Kazi ya nje ikafa mwezi uleule ilipokufa kazi ya ndani. Bandu bandu huisha gogo. Tulikuwa tumejiona watu wenye miguu miwili, kumbe mguu wa pili ulikuwa umesimama juu ya wa kwanza, ukiukanyaga. Kiwanja cha Owino nilikirudisha kwa mwenyewe. Wadogo zetu walitoka shule. Nalongo alihamia makaa.

Hamisi alikaa nyumbani mpaka muhogo wa kwanza tulioupanda mahali pa mibuni uliposhika. Kisha aliaga, alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wanatafutwa waashi. Alimbusu Baba mkono, na Baba akamshika kichwa kwa muda mrefu, akimsomea. Tulipata salamu zake mara chache, kisha hatukupata. Ikiwa yu hai, Mungu amhifadhi. Ikiwa amefariki, Mungu amrehemu. Nami huziomba dua zote mbili, kwa kutojua iliyo yake. Daktari alipomwita Baba kwa ajili ya macho, alikataa kwenda. "Nikatazame nini?" akauliza, na hapakuwa na ubishi. Alikufa akiwa na giza lake, kabla miche iwezayo kuukabili ugonjwa ule haijafika kwetu.

Huenda unajiuliza kwa nini nakusimulia wewe, kijana wa leo, habari za kuni ambazo hakuna azikumbukaye. Ni kwamba wiki hii, hapa Bukoto ninapokaa, mwana wa jirani yangu alikuja kuniaga kwa furaha. Amepata kazi ya matofali. Wenye magorofa wanataka udongo, na udongo mzuri umeonekana katika shamba la migomba la mama yake, njia ya Mpigi. Yeye atachimba, atafyatua, atachoma, na lori litakuja mpaka mlangoni. Akaniomba dua. Nilimuuliza mama yake atapanda wapi, akacheka, akasema, "Babu, kwani tutakosa cha kununua?" Nikamwambia aketi, nikamsimulia haya. Aliyasikiliza kwa adabu, na alipoondoka sikujua amechukua lipi.

Basi nawe chukua haya, niyaseme wazi yasikupotee. Nenda ukafanye kazi, mwanangu. Nenda mjini, beba, shona, endesha, jenga; shamba la wazazi wako lina haja na mkono wako wa nje kama lilivyo na haja na mkono wako wa ndani, na mwenye kukuonea haya hajawahi kungoja kahawa iive. Lakini kabla hujaushika mkataba wa kazi yoyote, uliza kwanza: kazi hii inakula nini? Kila kazi hula kitu. Ikiwa chakula chake ni jasho lako, ipe, utapata jingine. Ikiwa chakula chake ni msiba wa jirani, ujue kwamba msiba una njia moja tu ya kutembea, nayo ni mgongo wako, na mchuma janga hula na wa kwao. Jisikilize unavyopokea habari mbaya za watu. Siku utakapojisikia umefurahi, acha kazi hiyo hata kama ni halali, hata kama inalipa kila Ijumaa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ikiwa umekwisha kukosea, useme siku ya kwanza, wakati ungali mti mmoja.

Mola akujaalie kazi isiyohitaji mtu mwingine apotelewe ili wewe upate. Akupe mikono miwili isiyogombana. Wazazi wako wakuulize habari za nyumbani, nawe uwe na jibu la kweli, jepesi mdomoni, lisilokuumiza kulitamka. Na mvua ikinyesha juu ya ardhi yenu, imkute mwenyewe yuko, na ameshaufungua mfereji.